Corolla ya zamani inapokosa sailensi

Gari langu ni Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498 na gia otomatiki, mojawapo ya magari yaliyotengenezwa Japani katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na ambayo hadi leo yamejaa katika barabara za Mwanza. Dalili zake zilikuwa hizi: injini ikiwa kwenye sailensi, yaani ikizunguka yenyewe bila ekseleta kukanyagwa, gari lilitetemeka hadi kioo cha ndani kikacheza, mshale wa mizunguko ukashuka kutoka 750 hadi karibu 500, kisha ama likajikongoja na kurudi sawa, ama likazima. Lilifanya hivyo zaidi likiwa limeshapata moto, kwenye foleni ya Mabatini au kwenye makutano ya katikati ya mji, wakati gia iko D na mguu uko kwenye breki. Likitoka Buhongwa kuelekea Usagara kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, abiria asingejua kwamba lina ugonjwa wowote. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, gari la namna hii lilikuwa mateso kwenye foleni ya kivuko, ambako magari yalisogea kidogo, yakasimama, yakasogea tena. Sasa ng'ambo inafikika kwa dakika chache, lakini foleni za mjini ziko palepale.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini ugonjwa hujitokeza kwenye sailensi na hujificha barabarani. Mguu unapoachia ekseleta, kilango cha hewa kilichomo ndani ya throtobodi, yaani mdomo wa kuingizia hewa kwenye injini, hufunga karibu kabisa, na injini hubaki ikivuta hewa kupitia njia nyembamba ya pembeni inayosimamiwa na valvu ya sailensi. Katika mizunguko 750 kwa dakika, kila silinda huwaka takriban mara 6 tu kwa sekunde, na nguvu inayopatikana hutosha kushinda msuguano wa injini yenyewe, alteneta, pampu ya usukani na mzigo wa gia boksi, bila akiba kubwa. Silinda moja ikikosa kuwaka, au hewa na petroli zikikosa uwiano, hakuna kasi ya kuficha pengo hilo. Ukikanyaga ekseleta, hewa inakuwa nyingi, mizunguko inapanda, na kasoro ileile inamezwa.

Dawa ambayo mwenye gari hupewa kwanza katika gereji nyingi ni kupandisha sailensi. «Bosi, hii tunaipandisha kidogo tu, unaondoka nayo,» ndivyo nilivyoambiwa, na bisibisi ikawa tayari mkononi. Nilikataa, na sababu zake nataka kuzieleza kwa kirefu kwa kuwa naona dawa hiyo ndiyo inayoharibu magari mengi ya umri huu. Skrubu inayoguswa mara nyingi ni ile inayozuia kilango cha hewa kisijibane kwenye ukuta wa throtobodi. Iliwekwa kiwandani na haikukusudiwa kuwa ya kurekebishia mizunguko. Ukiizungusha, kilango kinabaki wazi kidogo hata mguu ukiwa umeondoka. Katika Toyota nyingi za miaka ile, sensa ya kilango ina swichi ndogo ndani yake inayoijulisha kontroboksi (kompyuta ya injini) kwamba kilango kimefunga. Kilango kisipofunga, swichi hiyo haigusi, na kontroboksi inaamini kwamba dereva bado amekanyaga ekseleta. Kwa hiyo inaacha kuisimamia sailensi, na inaacha pia kukata petroli wakati gari linashuka mlima bila kukanyagwa. Mizunguko inapanda hadi 1,100, gari linaacha kuzima, mwenye gari anafurahi. Kisha gia otomatiki inaanza kuingia D kwa kishindo, breki inafanya kazi ya ziada kwenye kila foleni, petroli inaisha mapema, na chanzo cha ugonjwa kiko palepale. Fundi atakayefuata atakuta magonjwa mawili.

Kabla ya kufungua kitu chochote, niliona ni muhimu kuandika tabia ya gari. Lizimapo likiwa baridi asubuhi na kutulia likishapata moto, mashaka yanaelekea kwenye valvu ya sailensi iliyoganda kwa uchafu, au kwenye sensa ya joto inayoidanganya kontroboksi. Likitulia baridi na kusumbua likiwa la moto, uangalie mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi, koili na vifaa vya moto vinavyochoka kwa joto. Likizima pale tu unapowasha kiyoyozi au kukata usukani hadi mwisho, injini yenyewe huenda ni nzima, ila valvu ya sailensi haifungui njia ya kutosha kubeba mzigo ulioongezeka. Likizima mara tu unaposimama baada ya mwendo wa kasi, valvu hiyohiyo inachelewa kuitika. Langu lilikuwa la kundi la pili, na kulikuwa na dalili nyingine ambayo sikuitaja hapo juu: harufu ya petroli mbichi nyuma ya gari, na moshi mweusi kidogo kila asubuhi.

Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka. Hata hivyo magari haya yana njia rahisi ya kusoma kumbukumbu ya kontroboksi bila mashine yoyote, na inashangaza jinsi watu wengi wanavyolipia kupimwa wakati kipande cha waya kinatosha. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye kifuniko chake. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, unahesabu: mapepeso 2 kisha 2 ni namba 22, yaani saketi ya sensa ya joto la maji, 31 ni ya sensa ya vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya injini), 41 ni ya sensa ya kilango, 21 ni ya sensa ya oksijeni. Langu lilipepesa mfululizo. Lakini kontroboksi za kizazi hiki hutambua hasa waya uliokatika au uliogusana. Sensa inayotoa kipimo cha uongo ambacho bado kiko ndani ya mipaka inayokubalika huachwa bila kuandikiwa namba. Kwa hiyo taa isiyo na namba inakuondolea mashaka ya waya, haikuhakikishii kwamba sensa zinasema kweli.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha njia ya hewa, kwa sababu ni ya bei ndogo na kwa sababu vumbi la mitaa yetu ya milimani, ambako lami huishia barabara kuu na changarawe huanza, halina huruma na injini. Niliifungua eakilina, yaani chujio la hewa, na kukuta pia mabaki ya wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa makundi mithili ya moshi. Hawazimishi injini, ila wanabana chujio. Ndani ya throtobodi, kwenye ukingo wa kilango, kulikuwa na tabaka la masizi meusi yenye mafuta. Hayo hutokana na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa ili uchomwe, ukichanganyika na vumbi. Tabaka lenye unene wa karatasi linatosha kupunguza hewa ya sailensi. Nilisafisha kwa dawa ya kupuliza ya kabureta na kitambaa laini, injini ikiwa imezimwa na kupoa kwa kuwa dawa hiyo inawaka haraka, kisha nikaivua valvu ya sailensi iliyofungwa chini ya throtobodi na kuisafisha njia zake. Usiitumie bisibisi kukwangua ndani ya valvu hiyo, na usirudishe gasketi yake iliyopasuka. Baada ya usafi huo mtetemo ulipungua kwa kiasi kinachoonekana, lakini gari liliendelea kuzima.

Kuhusu moto nitasema kwa kifupi. Plagi za 5A-FE za kawaida huwekwa nafasi ya milimita 0.8, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Waya za plagi zilizochoka unaweza kuzibaini usiku kwa kufungua boneti gizani na kunyunyizia maji kidogo: ukiona cheche za buluu zikirukaruka juu ya mpira wa waya, umeshapata mgonjwa. Kepu ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ikiwa na ufa au vichwa vilivyoliwa, ibadilishe pamoja na rota. Kwangu waya na kepu vilikuwa vizima. Plagi ndizo zilizozungumza: zote nne zilikuwa na masizi makavu meusi, mepesi, ambayo yalifutika kwa kidole. Plagi moja ikiwa nyeusi ningeitazama silinda yake. Zikiwa zote nne zimefanana, kosa liko mahali ambapo silinda zote zinashirikiana, na masizi makavu maana yake ni petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kuanzia hapo sikuwa na haja tena ya kuhangaika na pampu ya mafuta wala chujio la petroli, kwa maana pampu dhaifu huleta upungufu wa petroli na plagi hubaki na rangi nyeupe. Anayekutana na plagi nyeupe afuate njia hiyo nyingine, aanze kwa kupima presha ya mafuta, na aulize pia petroli ilinunuliwa wapi.

Nani basi anaweza kuiambia kontroboksi iongeze petroli bila sababu? Washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni sensa ya joto. Inakaa kwenye njia ya maji, ina waya mbili, na isichanganywe na ile ya waya mmoja inayoendesha mshale wa dashibodi. Ukiipima kwa multimita inapaswa kutoa ukinzani wa kilo-omu 2 hadi 3 katika nyuzi 20, na kilo-omu 0.2 hadi 0.4 katika nyuzi 80. Yangu ilikuwa ndani ya vipimo hivyo. Lakini hapa nina neno na mafundi wetu wanaotoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini isiyo na themostati hukawia mno kufikia joto lake, na gari likienda barabara kuu penye upepo huenda injini isilifikie kabisa. Sensa, kwa uaminifu wote, inaripoti kwamba injini ni baridi, na kontroboksi inamimina petroli ya asubuhi mchana kutwa. Ukinunua gari la umri huu, hakikisha themostati imo ndani kabla ya kulaumu sensa. Mshukiwa wa pili ni nozeli (kinyunyizio cha petroli) inayovuja au kidhibiti cha presha ya mafuta ambacho kiwambo chake kimepasuka. Hicho hujulikana kwa kuchomoa mpira wake wa vakyumu na kuangalia kama una petroli. Wangu ulikuwa mkavu.

Mshukiwa wa tatu ni sensa ya vakyumu, na hapa inabidi nifafanue jambo ambalo ushauri wa jumla hulivuruga. Kuna magari yanayopima wingi wa hewa inayopita kwa sensa iliyowekwa baada ya eakilina. Katika hayo, mpira ukipasuka nyuma ya sensa, hewa huingia bila kupimwa, petroli inakuwa pungufu, na gari hutetemeka na kuzima. Injini yangu haina kipimo hicho. Yenyewe husoma shinikizo lililomo ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa kwa sensa iliyofungwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini, ikiunganishwa na manifoldi kwa mpira mwembamba, kisha kontroboksi hukadiria hewa kutokana na shinikizo hilo na mizunguko. Hewa ya ziada ikivujia ndani ya manifoldi, shinikizo hupanda, sensa huliona, petroli huongezwa, na matokeo yake ni sailensi kuwa juu au kupanda na kushuka bila kutulia: mizunguko ikizidi kiwango fulani huku kilango kimefunga, kontroboksi hukata petroli, mizunguko huanguka, petroli hurudishwa, na mchezo huanza upya. Ila ule mpira mwembamba wa sensa yenyewe ukipasuka, habari ni nyingine kabisa. Manifoldi iko kwenye vakyumu ya kutosha, lakini sensa inaonja hewa ya nje, inaripoti shinikizo kubwa kuliko lililopo, na kontroboksi inadhani gari linapanda mlima likiwa limejaa abiria. Petroli inamwagwa, plagi zinapata masizi, injini inalowa na kuzima. Ukikanyaga ekseleta, shinikizo la kweli ndani ya manifoldi linapanda na kulikaribia lile la uongo, na gari linakwenda vizuri.

Nilipima vakyumu kwa geji kwenye tundu jingine la manifoldi ili nijue ukweli wa injini kabla ya kuishuku sensa. Anayefanya hivyo hapa kwetu akumbuke kwamba vitabu vya ufundi huandikwa kwa vipimo vya usawa wa bahari, ambako injini nzima huonyesha inchi 18 hadi 21 za zebaki. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu ni takriban kilopaskali 88 badala ya 101. Kwa hiyo toa inchi 3 na nusu hivi kutoka kwenye namba za kitabu. Injini ya Mwanza inayoonyesha 15 au 16 kwa mshale uliotulia haina kosa, na nimewahi kusikia injini nzima ikihukumiwa kufunguliwa kwa sababu fundi alisoma kitabu bila kutazama ramani. Geji yangu ilisimama kwenye 15, ikitikisika kidogo tu.

Basi nikawasha injini, nikaiacha ipate moto, nikaanza kuushika mpira mmoja baada ya mwingine na kuukunja taratibu huku nikisikiliza. Nilipofika kwenye ule wa sensa, karibu na pale unapovaa kijibomba cha manifoldi, nikauinamisha kuelekea chini, sauti ya injini ikabadilika papo hapo: mtetemo ukaacha, mshale ukapanda hadi 750 na kutulia. Nikauachia, ikarudi kutetemeka. Nilipozima na kuuchomoa, kwa juu mpira ulionekana mzima, mweusi na unaong'aa kwa mafuta. Upande wa chini ulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, uliofumba ukiukunja upande mmoja na kufumbuka ukiuachia. Joto la miaka mingi na mvuke wa oili huufanya mpira wa namna hiyo kuwa mgumu, nao hupasuka pale unapojikunja. Ufa ulipanuka injini ilipopata moto, na ndiyo maana gari lilikuwa na nafuu asubuhi. Namba 31 haikuandikwa kwa sababu sensa haikuwa na kosa lolote; ilipima kwa usahihi hewa iliyofikishwa kwake.

Mpira mpya ununuliwe ule wenye kuta nene unaostahimili joto na mafuta, wa kipenyo kilekile. Mpira wa maji ya kuoshea kioo unafanana nao dukani na bei yake inavutia, lakini ukipata moto hulegea na kujibana wenyewe kwa ndani, na utarudi ulikotoka. Usiukate mrefu kupita kiasi, kwa sababu mkunjo wa ziada ndio utakaopasuka tena. Baada ya kuufunga nilichomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyizia petroli kwa umeme) kwa muda mfupi ili kontroboksi isahau marekebisho yake ya zamani, nikasafisha plagi, na kuhakiki taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche, kwa taa yake, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa: inapaswa kuwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Mwenye gari ambaye skrubu ya kilango imekwisha kuchezewa airudishe kwanza mahali pake, la sivyo hatapata sailensi sahihi hata mipira yote ikiwa mipya.

Kwa ambao gari bado linazima na hawajapata muda wa kulishughulikia, nitaje jambo moja la usalama, hasa kwa wanaopanda na kushuka mlima wa Bugando kila siku. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito lakini unafanya kazi, na busta ya breki hubaki na vakyumu ya kutosha kukanyaga mara moja au mbili kwa nguvu ya kawaida. Kanyaga moja kwa moja bila kupampu, weka gia N, kisha washa upya. Usizungushe ufunguo hadi kwenye kufunga usukani.

Sasa gari linatulia kwenye 750 likiwa N, linapanda kidogo kiyoyozi kikiwashwa, na harufu ya petroli imekwisha. Umebaki mtikisiko mdogo gia ikiwa D, ambao hauna uhusiano na hewa wala petroli, kwa kuwa mshale wa mizunguko hausogei. Nilimwomba kijana wangu akanyage breki kwa nguvu na kuingiza D kisha R, mimi nikiwa pembeni mwa boneti iliyo wazi, nikaiona injini ikiinuka upande mmoja kuliko inavyostahili: maunti ya mbele, yaani kishikilio cha injini, imepasuka mpira wake. Nitaibadilisha pamoja na ya nyuma, kwa sababu mpya ikifungwa na iliyochoka, mzigo wote huiangukia mpya na kuimaliza mapema.